Gunia la Kando

Migori, 6 Agosti 2023

Kwa Mama Mkubwa Benta,

Salamu kutoka Migori. Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti halikusumbui tena asubuhi. Sisi huku tunapumua. Jua ni kali na vumbi limekuwa kama jamaa, linaingia bila hodi.

Najua simu haikufai tena tangu masikio yalipoanza kukuacha. Mara ya mwisho niliuliza kama umekula, ukanijibu, "Ndiyo, walimzika jana." Kwa hivyo naandika. Makanga wa gari la Homa Bay ameahidi kukuachia barua zangu dukani kwa Mellen.

Mama, nimeacha kuuza mitumba ya watu. Ninatengeneza siagi ya njugu. Nimekodi chumba nyuma ya soko, nimenunua mashine ya kusaga, na mikebe imejaa hadi juu ya kitanda. Niliwapa majirani waonje. Mmoja akasema ni tamu, lakini yeye husema hivyo kwa kila kitu cha bure. Mwingine akaniuliza, "Mirumbe, hii ni siagi ama ni dawa ya minyoo?" Kweli ilikuwa na uchungu fulani, na sijui ulitoka wapi.

Wewe umeishi na njugu miaka yako yote ya kazi ya kilimo, ukitembea mashamba kutoka Rodi hadi Magunga. Marehemu mama alikuwa akisema dada yake anaweza kushika njugu gizani akamwambia mwenyewe ilivunwa wakati wa mvua au wa jua. Naomba unishike mkono. Watu wa baba kule Kehancha tayari wanasema mtoto wa Mluo amekuja kuchezea chakula. Sitaki waone nikianguka.

Mwanao,
Mirumbe


Rodi Kopany, 14 Agosti 2023

Mwanangu Mirumbe,

Nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nikitabasamu. Mimi ni mzima. Goti linalalamika kama kawaida yake. Sikio la kulia limekufa kabisa, la kushoto linashika kidogo mtu akikaribia. Umefanya vizuri kuandika, na umefanya vizuri kuandika Kiswahili, maana Kikuria chako sikijui, na Dholuo, nyathina, mwanangu wee, mama yako alikufundisha nyimbo za kanisani na matusi tu.

Nitakufundisha kama nilivyowafundisha wakulima, jambo moja kwa wakati. Mtu ukimpa mambo kumi hushika mawili, halafu hutembea akidhani anayo kumi. Nitakupa moja, utalifanya, utaniandikia, ndipo nikupe la pili. Tena nitaanza na mikono, sababu zitakuja baadaye. Nimeona wengi waliopewa sababu kwanza wakatishika na kuacha kazi kabla hawajaishika.

Sasa kuhusu uchungu wako. Nenda kwa wanawake wanaokubambulia njugu, na usiwaulize kitu. Inama utazame chini ya viti vyao. Utaona beseni la maji.

Ganda kavu hukata vidole. Kwa hiyo tangu zamani mwanamke wa huku, akiwa na gunia la kubambua, hunyunyizia maganda maji jioni, na asubuhi yanafunguka kama mdomo wa mtoto anayepiga miayo. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yako. Hakuna anayeona ni kosa. Lakini njugu nayo hunywa yale maji, kisha hutiwa guniani ikiwa mbichi ndani, ikakaa siku nyingi kwenye joto. Uchungu wako unatoka hapo.

Basi somo la kwanza ni hili: maji yasiguse njugu. Nunua zenye maganda. Zianike juu ya turubai lililoinuliwa kutoka ardhini, uzigeuze, na mawingu yakikusanyika uzifunike. Ukitikisa ganda karibu na sikio, njugu iliyokauka hugonga ndani. Mimi siwezi kusikia tena mlio huo, kwa hivyo nauma. Iliyokauka hukatika, ile mbichi hupindika.

Fanya hilo uniandikie.

Mama yako mkubwa,
Benta


Migori, 3 Septemba 2023

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Sisi wazima.

Beseni lilikuwepo! Chini ya kiti cha Bonareri, kama vile ulikuwa umesimama mlangoni. Nilicheka mpaka wakadhani nimepandwa na kitu.

Acha nikujulishe kwa Bonareri, kwa sababu ndiye mdomo wa chumba changu. Ni mama wa Kisii, mume wake yuko mbali akifanya kibarua, na anaishi hapa mtaani na mama mkwe wake, mzee Nyasuguta, pamoja na mtoto wao Linet, wa miaka mitatu. Bibi ndiye humlea mchana. Lakini Linet hutoroka akaja kucheza na maganda chini ya meza, na mimi ananiita Mama Njugu.

Nilipomwaga lile beseni Bonareri akasimama, mikono kiunoni. "Dada, njugu kavu ina meno. Hata Yesu angekuwa anabambua angeloweka kwanza." Nikamwambia ni amri ya mama yangu mkubwa wa Rodi. Akasema, "Basi mwambie alete vidole vyake." Tuliishia kukubaliana. Nimewaongezea malipo kidogo, na nimewashonea vifuniko vya vidole kwa kitambaa cha jinzi. Sasa wanajiita madaktari wa upasuaji.

Na siagi, Mama, uchungu umepungua sana. Haujaisha, lakini yule jirani wa dawa ya minyoo amenunua mikebe miwili.

Niko tayari kwa somo la pili.

Mwanao,
Mirumbe


Rodi Kopany, 12 Septemba 2023

Mirumbe mwanangu,

Amani iwe kwako na kwa madaktari wako wa upasuaji. Nina mafua, si ya kukutia wasiwasi.

Vifuniko vya jinzi sikuvijua. Katika miaka yote niliyowakemea wanawake kwa sababu ya maji, sikuwahi kufikiria vidole vyao. Nimelitia hilo akilini.

Umesema uchungu umepungua lakini haujaisha. Ndivyo inavyokuwa. Ukiacha maji hutaongeza ubovu, lakini ule uliokuja na njugu kutoka shambani haujaondoka. Somo la pili ni meza.

Weka meza chini ya dirisha, uitandike kitambaa cheupe. Wanawake wakae wakiwa na mwanga mbele yao, nyuma yao giza. Njugu zimwagwe kidogo kidogo, zisipandane. Kila mmoja atoe iliyosinyaa kama uso wangu, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, iliyoanza kuota, na hasa yoyote yenye vumbi la kijani au la manjano. Wasionee moja huruma. Jicho la mtu maskini huona njugu nusu na kusema hii bado inafaa. Wafundishe kwamba kwenye meza hii nusu haifai.

Wasikae muda mrefu bila kupumzika, macho huchoka na kuanza kusamehe.

Zile zilizotolewa zitie katika gunia la peke yake, kando ya meza. Zisirudi kwenye mashine hata kama umepungukiwa. La kufanya na gunia hilo la kando ndilo somo la tatu. Ndilo zito kuliko yote niliyonayo, na sitaki kulipitisha haraka. Kwanza meza ishike kazi. Ikishashika, niandikie.

Mama yako mkubwa,
Benta


Migori, 20 Oktoba 2023

Kwa Mama Mkubwa,

Natumai mafua yameisha. Mimi sijambo, ila nina haraka.

Meza imeshika kazi. Siagi sasa ni tamu, haina doa la uchungu, na watu wanairudia. Nakushukuru kwa hilo na sitasahau.

Lakini Mama, kazi inaenda kama kinyonga. Wiki iliyopita nilihudhuria semina ya wajasiriamali chipukizi katika hoteli moja hapa mjini. Kuna kocha wa biashara anaitwa Elvis, kijana msafi, anaongea kama redio. Anatuchukua wachache na kutulea kwa miezi sita. Amenionyesha mambo ya jina la bidhaa, stika, picha za kuweka kwenye simu, namna ya kuingia kwenye shule na maduka makubwa. Nilipomwambia kwamba nina mlezi mwingine Rodi ambaye hunipa somo moja kwa barua, kisha husubiri nimjibu, alicheka mbele ya watu wote. Akasema, "Huyo ni mama mkubwa ama ni mtihani wa darasa la nane?" Nilicheka pia. Nakuambia ukweli ili usisikie kwa mwingine.

Na kuna ukweli ndani yake. Mimi si mtoto wa nasari. Nimesoma, naweza kusoma barua ndefu. Unajua mambo yote na unanidondoshea moja moja kama mtu anayelisha kuku. Kama kweli unataka nifaulu, andika yote yaliyobaki katika barua moja, niyapange mwenyewe. Kama hutaki, niambie tu, niendelee na ninaowapata.

Mwanao,
Mirumbe


Rodi Kopany, 27 Oktoba 2023

Mirumbe,

Salamu. Mafua yameisha.

Sitaki. Si kwa uchoyo. Nimeona vijitabu vizuri vikigawanywa kwa wakulima, kila kitu kimeandikwa ndani, na mwezi uliofuata nikavikuta sokoni vimefungia dagaa wa omena. Jambo lililosomwa bila kufanywa humpa mtu kiburi tu. Nilivyofundisha ndivyo ninavyojua, na mimi ni mzee sana kujifunza njia ya kijana wa hotelini.

Mwambie kocha wako kwamba mtihani huja mwisho, na hautungwi na mwalimu.

Ukiwa tayari kwa somo la tatu, niandikie neno moja tu: tayari.

Mama yako mkubwa,
Benta


Rodi Kopany, 20 Desemba 2023

Mirumbe mwanangu,

Sikukuu inakaribia na sijaona barua yako. Mellen ananiambia makanga anapita kila siku na hana kitu. Sikuulizi habari za njugu. Nakuuliza kama u mzima, kama unakula, kama chumba hakivuji na mvua hizi.

Nimekutumia kitambaa cheupe kingine cha meza. Kile cha kwanza lazima kimechoka.

Mama yako mkubwa,
Benta


Migori, 11 Machi 2024

Mama Mkubwa wangu mpendwa,

Najua sistahili kuanza na salamu, lakini nazileta hivyo hivyo, nyingi, na za aibu. Hujambo? Goti? Sikio la kushoto bado linashika? Kitambaa nilikipokea, nikakitandika siku hiyo hiyo, kisha nikaona haya kuandika, na kadiri siku zilivyozidi haya nayo ikazidi. Nisamehe. Nilikujibu vibaya.

Sasa nikupe habari nzuri, maana nusu yake ni yako. Mikebe yetu ilipelekwa maabara na ikapita. Safi kabisa! Mpimaji alimwambia Elvis kwamba ni nadra kuona siagi ya chumba kidogo ikiwa hivyo. Nimepata stika ya ubora, shule tatu zinanunua, na picha yangu nikiwa na aproni imezunguka simu za watu mpaka Kehancha. Shangazi zangu waliosema nachezea chakula sasa wanaomba kazi. Elvis anasema ni mkakati. Mimi najua ni meza.

Na wanawake hawajaniacha, hata wakati kazi ilipozidi. Niliona siwezi kuwaongezea malipo tena, basi nikatafuta njia nyingine. Unakumbuka lile gunia la kando? Lilikuwa linajaa haraka, na msimu huu wa mvua lilijaa zaidi, tukitoa karibu nusu ya njugu zinazokuja. Nilikuwa sijui la kulifanya. Kwa baba chakula hakitupwi. Nyanya yangu alituokotesha punje moja moja chini ya ghala. Na wewe mwenyewe unajua, anayefanya kazi ya mavuno haendi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo kila Ijumaa nawagawia, kila mmoja mfuko wake. Wanazikaanga wanazisaga za uji. Bonareri aliniombea hadharani, akasema tangu aolewe hakuna tajiri aliyemfungia mfuko. Mzee Nyasuguta hampi Linet uji usio na njugu tena.

Ila huyo Linet ananitia wasiwasi. Amekonda, tumbo limejaa, na wiki hii Bonareri anasema macho yake yamekuwa ya manjano. Katika zahanati walimpa dawa ya malaria. Amelala chini ya meza kutwa nzima bila kugusa maganda. Tuombee.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao,
Mirumbe


Rodi Kopany, 25 Machi 2024

Mirumbe,

Nilikuwa Magunga kwenye matanga ya shemeji yangu. Nimerudi leo mchana na kuikuta barua yako dukani. Mellen amekupigia simu tena na tena, imezimwa. Makanga ameapa kukutafuta mpaka akupe karatasi hii mkononi.

Usimpe mtu yeyote njugu za gunia la kando. Waliozichukua wazirudishe, hata zilizosagwa. Usiwape kuku wala ng'ombe.

Mtoto apelekwe hospitali kubwa sasa hivi. Chukueni na mfuko wenyewe. Mwambieni daktari: sumukuvu, amekula muda mrefu.

Usingoje kuniandikia.

Benta


Migori, 9 Aprili 2024

Mama Mkubwa,

Natumai u mzima. Sijui nimeandika hilo kwa nini, mkono umezoea.

Barua yako makanga alinipa stejini nikishuka gari la kutoka Kisii. Tulikuwa tumetoka kumzika Linet.

Simu ilikuwa imezimwa kwa sababu tulikuwa hospitalini na hapakuwa na pa kuchajia. Daktari alisema ni ini. Aliuliza mtoto anakula nini, na mzee Nyasuguta akajibu kwa fahari kabisa, "Uji wa njugu, daktari, asubuhi na jioni." Daktari akaandika akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilisikia na sikuelewa. Hiyo sumukuvu niliisikia redioni, lakini nilidhani ni ya mahindi. Tena walizikaanga, Mama. Si moto huua kila kitu?

Nimelifukia gunia. Wanawake wengine nimewaambia njugu za mifuko zimeisha. Sijawaambia zaidi.

Sasa sikiliza kilichobaki. Ndugu za mume wa Bonareri walikaa kikao baada ya mazishi. Wanasema aliyekuwa akimpikia mtoto ndiye wa kuulizwa, na aliyekuwa akipika ni Nyasuguta. Wanamwita mchawi. Walimtoa nyumbani na nguo aliyovaa, na mmoja alisema waziwazi kwamba akirudi watamchoma. Analala jikoni kwa mama mmoja wa kanisa lao. Nilimwona jana. Alinishika mkono akaniambia, "Binti yangu, wewe unajua nilivyompenda. Ule uji nilikuwa nikiupoza kwa mdomo wangu."

Nilimwambia Elvis kila kitu. Aliinuka akafunga mlango kwanza. Kisha akasema, "Usifungue mdomo. Mikebe yako imepita maabara. Lile gunia si bidhaa yako, hakuna anayeweza kulihusisha nawe. Ukisema, shule zitakukimbia kesho, na mtoto hatarudi." Anaongea vizuri, nilikuambia. Kila neno lilikuwa kweli.

Na Bonareri amerudi kazini. Nilimwambia apumzike, akakataa, akasema nyumbani, hata na wageni, kuna kimya. Amekaa mahali pake, anachambua haraka kuliko wote, hatazami chini ya meza. Jana jioni akitoka alinigeukia: "Dada, Ijumaa usisahau mfuko wangu. Bado nina wageni wa matanga, na sina cha kuwapa."

Nilijifanya natafuta ufunguo.

Mama, nifanye nini? Nipe somo la tatu.

Tayari.

Mwanao,
Mirumbe


Rodi Kopany, 14 Aprili 2024

Mwanangu Mirumbe,

Pole. Pole kwako na kwa nyumba ile. Sitauliza afya yako, nitaiona mwenyewe.

Umeomba somo la tatu. Hili hapa, na ni fupi kuliko nilivyokufanya uamini.

Lile vumbi la kijani ni ukungu, nao hutoa sumu, ndiyo hiyo sumukuvu. Haionekani, haina harufu, na moto wa jikoni hauiwezi, wala wa kukaanga wala wa kuchemsha. Ukila kidogo leo hutaona kitu. Ukila kila siku, ini hulemewa, na ini la mtoto ni dogo. Katika gunia zima njugu zenye sumu huwa chache, zimetapakaa. Meza ndiyo huzikusanya. Kadiri wanawake wako walivyochambua vizuri, mikebe ilizidi kuwa safi, na gunia la kando likazidi kuwa sumu tupu. Mpimaji alishangaa kuona siagi safi namna ile. Uchafu wake wote ulikuwa umefungwa katika mifuko ya Ijumaa.

Gunia hilo huchimbiwa shimo refu, likachanganywa na majivu ili hata mwenye njaa asilitamani, likafukiwa mbali na kisima. Ni hayo tu. Yangeingia katika barua ya Septemba chini ya sahihi yangu, na karatasi ingebaki. Nilikuwa nangoja meza ishike kazi, kisha nikawa nangoja neno moja kutoka kwako. Hata nilipotuma kitambaa Desemba, nilikuwa nangoja. Wewe ulitoa kwa ukarimu kitu ambacho mimi nilijua ni nini. Usibebe peke yako, wala usinipe nafasi ya kusema nilikuwa na njia nzuri.

Sasa la kufanya, na hili sikupi moja moja.

Wanawake wengine waliopata mifuko wana watoto. Kabla ya kitu kingine chochote, kesho alfajiri, wapitie nyumba kwa nyumba, uwaambie ukweli, na watoto wote wapelekwe wapimwe. Aibu yako haina haki ya kuwatangulia. Katika gunia ulilofukia, fukua kiasi kidogo ukitie katika mfuko uliofungwa, maofisa wa afya watakihitaji.

Kisha Bonareri. Waombe wanawake wasitutangulie kwake; aambiwe na sisi kabla hajaambiwa na mtaa, na aambiwe akiwa ameketi. Kutoka kwake twende kwa wale ndugu pamoja na chifu, tuseme mbele ya watu kwamba mzee Nyasuguta alipika chakula alichopewa na mtu aliyemwamini, na kwamba anayetafutwa si yeye. Tukichelewa hapo, tutakuwa na makaburi mawili.

Elvis amesema kweli kuhusu shule. Zitakukimbia. Huenda chumba kikafungwa, na huenda ukaitwa mbele ya hakimu. Nami nitakuwa hapo, niseme nani alikufundisha na alikufundisha mpaka wapi. Kama siku moja utashika tena njugu sijui. Sitakuuliza.

Nakuja Jumanne kwa gari la kwanza. Goti litajua lenyewe. Nisubiri stejini, usijibu barua hii.

Mbele ya Bonareri nitasema mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Atakachojibu sitakisikia, wala kilio chake sitakisikia. Kwa hiyo ukae upande wangu wa kushoto, mdomo karibu na sikio, unirudie kila neno atakalotutamkia kama atakavyolitamka. Usinipunguzie hata moja.

Mama yako mkubwa,
Benta